Ukuta wa Gundi

Jumatatu, 6 Oktoba
Nakanda udongo na makapi tangu asubuhi. Mgongo sina. Paneli ya nne hii, mfano wa ukuta wa kaburi la kale. Wanafunzi sita wa Kimisri wanajifunza hapa kituoni kusafisha michoro ya kale. Mwezi ujao wanaingia makaburi ya kweli, huko kwao.

Onesmo kapita na wageni. Kawaambia paneli ni wazo lake. Wazo lake! Na mimi nimesimama palepale, tope mpaka viwikoni. Huyu alipofika huku ughaibuni nilimlaza sebuleni kwangu Riverdale Park miezi minne, nikamwombea kazi hapa. Leo yeye mkufunzi mkuu, mimi fundi wa matope. Namchukia. Basi.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimepata pa kumshika. Paneli tatu za kwanza rangi nilichanganya na kiini cha yai. Ikishakauka, maji hayaidhuru. Onesmo kazizoea hizo. Hii natia gundi ya mti wa mgunga, kama mafundi wa kale wenyewe. Pamba yenye maji ikiigusa tu, rangi inaondoka. Ijumaa wanakuja wafadhili, na yeye ndiye atakayesafisha mbele yao. Kanuni ni kujaribu kwanza pembeni, padogo. Yeye hajaribu, ana haraka ya kupigwa picha. Simwambii ng'o.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimechora bata watatu wa kahawia kwenye mafunjo. Wazuri, wallahi. Nimewapiga picha, kisha nikawapaka masizi juu, ndio uchafu wa kusafishwa. Onesmo kauliza, "Dada Zuhura, iko tayari?" Nikamwambia iko tayari. Nimecheka peke yangu garini mpaka nyumbani.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kasugua. Masizi yakatoka, kisha kahawia ya bata. Nikangoja aumbuke. Thubutu! Kaiinua pamba juu: tazameni uchafu ulivyokuwa mwingi! Makofi. Bata wa katikati hana kichwa, na hakuna aliyejua kuwa alikuwa nacho. Onesmo alinitupia jicho mara moja. Alijua, mshenzi yule.

Wanafunzi wote wanaandika. Huda, mdogo wao, kaandika: maji, sugua mpaka pamba itoke safi. Nimeona kwa macho yangu. Nikanyamaza.

Jumamosi, 11 Oktoba
Paneli nitatengeneza nyingine. Kaburi je? Huda atasugua ukuta wa watu mpaka ubaki udongo, na atadhani kafanya kazi nzuri.

Namtaka Onesmo chini. Si Huda.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimesema. Mbele ya wote sita, na Onesmo yupo. Nikawaonyesha picha ya bata kabla ya masizi. Ile ilikuwa rangi, si uchafu. Na mimi nilijua, nikanyamaza makusudi. Huda kachana ukurasa wake. Onesmo kaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi. Kufika adhuhuri sina kazi. Yeye anayo. Nimelia chooni kwa hasira, si kwa majuto.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimefua mapazia. Mwanangu kauliza, "Mama, no work today?" Nikamwambia leo hakuna.

Onesmo sijamsamehe, wala sioni dalili.

Mchana Huda kaniandikia. Wanataka kutengeneza paneli yao huko kwao, ya gundi, waifundishie wengine. Anaomba vipimo. Nimemwandikia vyote, udongo, makapi, jasi, gundi, siku za kukausha. Chini nikaweka jina langu kamili, la baba na la babu. Kisha nikaenda kuanika.