Gemu la Ramadhan Lisizimwe

Jumatatu, 2 Machi 2009

Taarifa kwa taifa zima: mimi Mwanamvita, muuza vitenge wa Tunduma, mwenye magoti yanayolia kuliko kreti la soda, leo nimeteuliwa mlinzi wa gemu. Mume wangu Ramadhan amevuka mpaka na lori, anapeleka sementi Kongo. Ndevu zimejaa mvi, lakini kafika hatua ya mwisho ya gemu na hana kadi ya kuhifadhia. Likizimwa, anaanza upya. Basi kalisimamisha, kalifungia inveta na betri ya lori, kwa umeme wetu huu wa kuja na kuondoka. "Mke wangu, usiguse. Nikirudi namalizia."

Miaka yote ya ndoa sijawahi kuachiwa hata funguo za gari.

Jumatano, 4 Machi

Simu ya Ramadhan haipatikani. Kongo mtandao mbovu, najua. Najua.

Jirani yangu Ketrina kaleta mahindi mabichi ya kwao Iyula. Nikamwashia tivi. Akauliza hako kajamaa kenye upanga, juu ya mnara, kanangoja nini. Nikamweleza alivyonieleza Ramadhan, naye kasimuliwa tu na wenzake: mwishoni kanaanguka, mawingu yanafunguka, mkono mkubwa wa nuru unashuka. Ketrina kasema huo ni mkono wa Mungu, kanaokolewa.

Abdul, dereva mwenzake Ramadhan, alikuwa anakunywa chai. Akacheka. "Bibi harusi, usidanganywe. Huyo Izraili. Kafuata roho."

Bibi harusi — ndivyo anavyoniita tangu niolewe, mshenzi huyu. Nikacheka na mimi. Chai ikanimwagikia mkononi.

Ijumaa, 6 Machi

Lori limeonekana mbele ya mpaka wa Kasumbalesa, ndani ya Kongo, kando ya barabara. Milango wazi. Sementi yote ipo. Ramadhan hayupo.

Madereva ndio waliompigia Abdul. Amevuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta habari kamili.

Umeme umekatika tangu adhuhuri. Imebaki betri. Nawasha tivi kidogo tu, nakaangalia kajamaa, nazima. Mtu mzima mimi, na swala naswali. Lakini nimeshajiwekea moyoni: kakiendelea kusimama pale, na yeye yu hai.

Jumamosi, 7 Machi

Nimemwambia Ketrina sijagusa kitu. Uongo. Kilichotokea ni hiki.

Asubuhi inveta ilianza kulia, betri inakwisha. Nikaona kuliko kazimike hivihivi, bora nijue ule mkono unashukia nini. Nikashika pedi ya kuchezea gemu, nikabonyeza. Kakaruka — mimi hata kuku hunishinda kumkamata — kakaanguka.

Mawingu yakafunguka kweli. Mkono ukashuka, mweupe, mzuri, unatisha. Vidole vikajikunja, vikakafumbata. Hapo nikaogopa. Nikasimamisha.

Kamo ndani ya ngumi. Sijui kanainuliwa au kanachukuliwa. Kitufe kiko chini ya kidole changu, nikibonyeza nitajua.

Inveta inalia mfululizo sasa. Abdul karudi. Yuko mlangoni, anabisha taratibu.

"Dada Mwanamvita," anasema. "Fungua, dada."