Mkia wa Waya Uliotuachia

Mwaka mmoja umekatika, Baba, tangu asubuhi ile ulipovaa shati lako la mistari ukamwambia Mama unakwenda mara moja hospitali wakakuangalie kifua, halafu urudi umalizie chumba cha nyuma. Ngazi uliiacha imeegemea ukuta. Bisibisi uliiacha juu ya ngazi, kwenye kidato cha mwisho, mahali ulipotukataza siku zote kuacha kitu. Hukurudi. Daktari alisema moyo umechoka, na sisi tulikuwa bado tunabishana nani akupelekee chai.

Tunakuandikia wewe, ingawa tunajua watakaosoma ni wengine. Wasome tu. Hukuwa mtu wa kunong'ona, na ulipokuwa juu ya dari sauti yako ilifika hadi kwa majirani.

Kazini walikuita Fundi Mkia. Mama alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alinuna kutwa nzima, akidhani mumewe anatukanwa, mpaka ulipomchukua ukamwonyesha. Kila boksi ulilofunga ukutani uliacha ndani yake kipande cha waya cha ziada, ndio huo mkia, kimekunjwa vizuri, kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yako. Mafundi wengi hukata waya ukawatosha wao na siku yao. Wewe ulisema atakayekuja kurekebisha akikuta waya mfupi atakutukana, na wewe hutaki kutukanwa ukiwa kaburini. Enzi hizo tulicheka.

Kazi yako watu hawakuielewa upesi. Walikuuliza kama wewe ni fundi umeme, ukajibu ndiyo, kisha ukaongeza kwamba umeme ni nusu tu ya kazi. Ulikuwa unayafundisha majengo makubwa kujiendesha: taa zijue kwamba mtu kaingia, feni zijue joto limepanda, mapazia yashuke jua likizidi, na vyote viambiane kupitia waya mwembamba wa mawasiliano. Huo mwembamba uliutenga na ule mnene wa umeme, kila mmoja na paipu yake, kwa sababu ukizilaza nyaya hizo pamoja ule mnene huuvuruga mwenzake. Ulisema ni kama mtu na mkwewe: waheshimiane, wasalimiane, lakini chumba kimoja hapana. Uliyasema hayo mbele ya mama mkwe wako, naye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Yule mama anayefagia ngazi za jengo la ofisi alikuja kutupa pole, akatusimulia jambo ambalo hukutuambia. Taa za ngazi zile zilikuwa zinamzimikia. Kile kijicho cheupe cha darini kinachotambua watu kilikuwa hakimwoni akiinama na fagio, basi giza lilimkuta katikati ya vidato, na mara moja aliteleza akaumia goti. Wewe ulimsikia akilalamika ukipita zako. Siku yako ya mapumziko ulirudi, ukaomba fagio, ukafagia ngazi zote umeinama vilevile, huku Koleo amekaa chini akikucheka. Koleo ni mwenzio wa kazi wa miaka yote, ambaye sisi wanao tumemzoea kama baba mdogo. Kila palipokuzimikia uliongeza kijicho kingine, chini kidogo, usawa wa mtu aliyeinama. Mama yule alisema tangu siku hiyo anafagia kama bibi harusi, taa zinamsindikiza. Halafu akajifuta machozi kwa kitambaa cha kazi.

Nyumbani nako hukutuacha salama. Uliifungia mitambo nyumba yetu hii ndogo kama vile ni jengo la serikali, korido, sebule, jikoni hadi msalani. Dada yako, shangazi yetu, alipoingia msalani mara ya kwanza na taa ikawaka yenyewe, alitoka kinyumenyume akisema choo chenu kinasalimia watu. Tukamrudisha. Akakaa humo mpaka taa ikazimika, ndipo tukamsikia anakuita kwa jina la utotoni, jina ambalo hatukujua kama unalo. Ukamjibu kutoka sebuleni, umekaa kwa raha zako, "Punga mkono, dada." Mpaka leo akiingia hupunga mkono kwanza, mwanga uwepo usiwepo.

Ulipoondoka, korido ikaanza vituko. Jioni, watu wote wakiwa nyumbani na taa zote zimewaka, ile ya korido hufifia, ikainuka, ikafifia tena, ikatulia. Mara ya kwanza tulisema ni umeme tu. Siku nyingine Mama aliweka kijiko chini, akatazama mlangoni mwa korido, akasema, "Huyo amefika."

Tulimwacha. Nani angekuwa na moyo wa kumnyang'anya? Wakati huohuo ulikuwa ndio wakati wako wa kurudi kutoka kazini, ukining'iniza koti na kuuliza kuna nini jikoni kabla hata ya salamu. Basi Mama akawa anaitikia. Taa ikififia, anasema karibu. Baadaye akaanza kuisimulia mambo ya siku nzima: jirani kagombana na paka wake mwenyewe, bomba la nje limepasuka tena, kifungua mimba wako kapandishwa cheo na kichwa kimeanza kuvimba. Alikigeuza kiti chake kikatazama korido. Akaacha kwenda kwa dada zake jioni, akaacha vikao vya majirani, mgeni akikawia anaanza kumwangalia kwa jicho la kumtaka aondoke.

Hapo ndipo tulipoanza kuogopa, lakini kila mmoja aliogopa kivyake.

Kisha kitinda mimba wako, yule uliyemwita Mdomo, akapata ujauzito. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Anaishi mbali na sisi, mumewe ni dereva wa malori, leo yuko, kesho hayupo. Ujauzito ulikuwa wa taabu. Daktari alimwambia alale, asiinue hata ndoo, na awe na mtu mzima wa kukaa naye. Akamwomba Mama aende. Mama akasema kesho. Kesho yake akasema wiki ijayo. Begi halikutoka hata kabatini. Mwishowe kifungua mimba alimbana, naye akajibu kwa sauti ndogo ambayo hatujawahi kumsikia nayo:

"Nikienda, nani atamwitikia baba yenu?"

Kifungua mimba akasema neno kali. Alisema aliyekufa hana haja ya kuitikiwa, aliye hai ndiye anayeita. Mama aliinuka akaenda kulala bila kula, na nyumba ikawa baridi siku kadhaa. Lilikuwa neno la kweli, Baba, lakini ukweli mwingine unauma kama kofi.

Tukamwita Koleo. Hatukumficha Mama. Tulimwambia anakuja kuitazama taa, naye hakusema ndiyo wala hapana. Koleo alianza na umeme, kama ulivyokuwa ukianza wewe. Alisema mara nyingi ugonjwa wa namna hii ni njaa tu, kile kisanduku kinachoshusha umeme na kuugawia mitambo midogo kimechoka. Akaweka kipya. Jioni taa ikafifia kama kawaida yake, na tukamwona Mama anatabasamu. Hatujui kama tumewahi kuumizwa na tabasamu la mtu kama siku ile.

Siku iliyofuata Koleo akaufuata ule waya mwembamba. Akaanza nao sebuleni, akapita nao korido, ukamfikisha chumba cha nyuma, kile ulichokuwa ukikijenga ukisema wajukuu wakija watalala wapi, na wakati huo hatukuwa na mjukuu hata mmoja. Ngazi yako ilikuwa palepale, maana hakuna aliyethubutu kuigusa. Akapanda, akaingiza kichwa darini. Aliposhuka hakutuita sisi, alimwita Mama.

Juu ya dari palikuwa na mkia wako. Mrefu, umekunjwa duara, umefungwa kwa utepe mweusi, na kwenye kile kikaratasi unachobandika kila waya uliandika kwa mkono wako neno moja: BADO.

Koleo akamweleza Mama taratibu, kama anavyozungumza na mgonjwa. Alisema waya wa mawasiliano hauachwi mdomo wazi. Kwenye kifaa cha mwisho hufungwa rezista, kitu kidogo kama punje ya mchele, cha kupokea ujumbe uliofika mwisho wa safari. Wewe ndiye uliyemfundisha hilo, tena kwa kumfokea. Lakini hapa nyumbani mwisho ulikuwa haujafika, chumba kilikuwa bado kinakuja, ukaacha mdomo wazi ukijua utarudi kuufunga. Mganga hajigangi.

"Shemeji," Koleo akasema, "ujumbe ukifika mwisho ukakosa wa kuupokea, unarudi ulikotoka. Ukirudi unagongana na wenzake njiani, hasa jioni vifaa vyote vikisemezana. Ndiyo maana taa inayumba."

"Kwa hiyo si yeye."

Koleo aliifuta ile bisibisi yako kwenye suruali yake, akaigeuza, akaifuta tena. "Ni kazi yake," akasema. "Hakuwahi kuimaliza."

Mama aliomba apewe ile rezista. Akakaa kwenye kidato cha chini cha ngazi, ameiweka kiganjani, akiitazama. Hatukujua tufanye nini, tukasimama mlangoni kama wageni. Kisha akasema, bila kutuangalia, kwamba akiifunga hiyo, nyumba itanyamaza, na yeye hajui atakaaje katika nyumba iliyonyamaza. Kifungua mimba, ambaye unajua hakosi jibu, alikuwa analia.

Akaomba simu. Akampigia Mdomo. Akamuuliza amekula nini, mtoto anacheza, miguu imevimba? Sisi tulisikia upande mmoja tu. Aliyojibiwa Mama alituambia baadaye. Yule mtoto wako anayeongea kuliko redio, siku hiyo alisema maneno mawili tu: "Mama, naogopa."

Mama akarudisha simu, akajifunga kanga vizuri, akapanda. Koleo aliishika ngazi chini kama alivyokuwa akikushikia wewe. Alimwelekeza skrubu ipi alegeze, ncha gani iingie wapi, na Mama akaifunga rezista kwa bisibisi yako mwenyewe. Kikaratasi hakukigusa.

Jioni ile alikaa kwenye kiti chake, sahani mapajani. Taa ya korido ikawaka. Tukasubiri sote, wala hatukujifanya tunatazama kitu kingine. Taa haikufifia. Ilisimama tu, inawaka, inatimiza kazi yake. Chakula kikapoa. Ndipo Mama alipolia, Baba. Siku ya mazishi alilia kwa heshima, akihesabu wageni wamekaa wapi. Jioni hiyo alilia mpaka majirani wakaja, na yule mwenye paka akaja na paka. Tulimshika tu, kwa sababu na sisi ndiyo kwanza tulikuwa tunaelewa kwamba hutarudi.

Asubuhi begi likatoka kabatini. Ndani yake aliweka shati lako la mistari, lile tulilokabidhiwa hospitali.

Mama alimkuta Mdomo kitandani, akakaa naye mpaka siku ikafika. Siku yenyewe ilikuwa mbaya, damu ilikuwa nyingi, na mume alikuwa barabarani. Mama ndiye aliyeita gari, ndiye aliyepiga kelele hospitali mpaka wauguzi wakakimbia. Daktari alimwambia wangechelewa kidogo tu, angekuwa anazungumza naye mengine. Mama hupenda kuturudia maneno hayo, nasi tunajua anawaza kiti kile na korido ile.

Una mjukuu, Baba. Ni wa kike. Amechukua masikio yako, tutamwomba radhi akikua.

Waliporudi nyumbani wote watatu, Mama, mtoto na Mdomo aliyekuja kuuguzwa hapa, Koleo alikuwa ameshapiga rangi chumba cha nyuma. Akaufungua mkia wako, akaushusha ukutani, akafunga taa na kijicho chake. Rezista akaitoa ilipokuwa, akaihamishia huku chini ukutani, kwa kuwa mwisho wa laini sasa uko huku. Waya ulibaki kidogo. Akachukua koleo lake aukate, tabia yake unaijua. Mama alikuwa amesimama chini na mtoto begani.

"Usikate," akamwambia. "Acha mkia."

Umo ndani ya boksi, umekunjwa kama ulivyokuwa ukikunja wewe, na kikaratasi chako hakijabanduliwa. Mtoto akilala taa inafifia. Akiamka akarusha mikono, kijicho kinamwona, mwanga unainuka polepole usimuumize macho. Shangazi anasema damu si maji, huyo amejifunza kupunga mkono kwake. Mama bado hutazama korido jioni. Haiyumbi tena. Husema hilo linamuuma, kisha huinuka kwenda kumchukua mtoto.

Unakumbukwa na mkeo, anayeendelea kukupa habari za siku, sasa bila kusubiri taa. Na watoto wako, kifungua mimba mwenye cheo, wa kati asiyesema, na Mdomo pamoja na mumewe. Na dada yako. Na mwenzio Koleo, ambaye siku hizi anaacha mkia katika kila boksi na kusema ni mazoea tu. Na mama wa ngazi za ofisini. Na mjukuu wako, anayelala katika chumba ulichomwekea waya kabla hajawa hata wazo.

Hutatutoka moyoni kamwe, Fundi Mkia.