Mwangwi wa Nungwe

Kabula mjukuu wangu, marahaba. Barua yako imenikuta hapa Tinde nikiwa mzima, ila goti tu. Mama yako anakusalimu. Yule ndama uliyemwacha akinyonya sasa ana pembe.

Umeuliza kama ile mashine ya chuoni kwenu, inayohesabu samaki kwa mlio, inasema kweli. Mimi niliiona ya kwanza ujanani, nilipokuwa nikivua ziwani, Nungwe, na tajiri wetu akiwauzia samaki wachimbaji wa Geita. Mtaalamu alikuja kupima kama samaki wanatosha. Mashine ilipeleka mlio chini ya maji, mlio ukarudi, sindano ikachora karatasi mpaka ikawa nyeusi tii.

"Samaki tele," akasema. "Ongezeni nyavu."

Mzee aliyeongoza mtumbwi wetu, Mzinza kwa kabila, akatumbukiza kafi majini, akaweka sikio kwenye mpini kusikiliza samaki, kama tulivyofanya siku zote kabla ya kutega. "Mbona kimya?" akasema. Tajiri akacheka. Tukatega nyavu zote.

Alfajiri tulizivuta, zikapanda nyepesi, karibu tupu. Kisha ziwa likatoa moshi: wale wadudu wadogo wanaokulia kwenye tope la chini walikuwa wanapanda, wakawa wingu lenye jua ndani yake, likapita juu yetu taratibu. Mtaalamu akatazama karatasi, akatazama juu. "Ndio hao," akanong'ona.

Mashine haikudanganya, Kabula. Ilisikia uhai, jina la samaki tulilitia sisi. Yule mtaalamu akamwomba mzee kafi, akainama, akaweka sikio lake.

Mzee aliniachia kafi hilo. Ukija likizo, lichukue uende nalo kwenye boti ya chuo chenu.

Babu yako