Mama Chupa Kaiua Dawa Yake

Mwenzangu, uko wapi? Kaa chini kwanza.

Mama Chupa kaiua dawa yake. Ile ile aliyoihangaikia tangu anatufundisha kushika chupa za maabara! Kaiua mwenyewe, mbele ya wafadhili.

Sikia. Juzi aliitengeneza upya, akaisafisha mpaka ikawa nyeupe pepepe. Kuijaribu, vijidudu vya ugonjwa havifi. Vinaogelea tu! Akarudia. Vinaogelea. Kumbe miaka yote kilichoviua ni mabaki ya kichocheo, ile metali tunayotia kuharakisha kazi. Uchafu, jamani. UCHAFU.

Leo mkurugenzi akamvuta pembeni mlangoni mwa ukumbi: "Nyamaza kwanza. Wakishasaini mkataba wa fedha tutaongea." Nimesikia kwa masikio yangu.

Mama Chupa akaingia. Akawasha picha ya kwanza ukutani, akaizima. "Dawa hii haifanyi kazi. Msimpe mgonjwa yeyote."

Mkurugenzi akacheka, eti anatania! Mama Chupa akarudia polepole: "Msimpe mgonjwa yeyote."

Wafadhili wakafunga mikoba yao, wakaondoka. Hata kwaheri hakuna.

Na unajua mama yake anaumwa ugonjwa huo huo. Nimemkuta maabara, koti bado mwilini, simu sikioni: "Hapana, mama. Hii siyo. Endelea na vidonge vya hospitali." Akasikiliza upande wa pili. "Usilie, mama." Halafu: "Ndiyo, nimekula."

Hajala. Tangu jana hajatia kitu mdomoni. Nimesimama hapa mlangoni nakupigia wewe.

Njoo, tafadhali.