Ufunguo Nilimpa Mwenye Gari

Tuwan, Kitale

Mpenzi Mama Nekesa,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu tunakatizana. Wewe ukipandisha sauti na mimi napandisha, halafu mtandao unapotea kabla hatujaelewana. Goti la mama yako linaendeleaje na baridi hiyo ya mlimani? Na Nekesa, kikohozi kimeisha? Asitoke alfajiri bila sweta. Mimi ni mzima, nakula, nalala.

Sasa nije kwa lile lililokufikia. Ni kweli, nimefutwa kazi kwenye gereji. Umesema nirudi nimwombe bosi msamaha. Sitarudi. Soma kwanza, halafu unihukumu.

Kuna mama mmoja hapa Tuwan, Mama Shiru, anayepeleka viazi na kabichi Kimilili na Bungoma kwa pikapu yake ya dizeli. Injini ilikufa, nami nikaifungua yote na kuijenga upya: pistoni, ringi, beringi. Ijumaa asubuhi akaja kuichukua, maana bosi alimwahidi saa nne.

Lakini injini iliyojengwa upya haiwashwi hivi hivi tu. Ndani ni kavu. Oili lazima ipande kwanza, ifike kila mahali, ndipo iwake. Kwa hiyo nilizuia magurudumu kwa mawe, nikasogeza mtungi wa kuzima moto, nikachomoa waya unaoruhusu dizeli kuingia, nikapiga stata kidogo kidogo. Injini ikazunguka bila kuwaka, kama nilivyotaka. Lakini taa nyekundu ya oili haikuzimika. Nikapumzisha stata, nikapiga tena. Bado.

Bosi akaja. "Hiyo taa ni mbovu, Wafula. Rudisha waya uwashe. Mama wa watu anangoja."

"Taa niliipima jana, ni nzima," nikasema. "Oili haipandi."

"Si itapanda ikiwaka."

"Ikiwaka hivi itajiua."

Mafundi wenzangu wakaacha kazi wakatutazama. Bosi akanyoosha mkono. "Lete ufunguo ama utoke kwa gereji yangu."

Nilikufikiria wewe na watoto, usidhani sikuwafikiria. Lakini nilimpita bosi, nikampa ufunguo Mama Shiru. Gari ni lake.

Akaniuliza, "Ikiwashwa sasa hivi itakuwaje?"

"Itanguruma vizuri, utafurahi. Kabla hujafika Kimilili, vyuma vitakuwa vimesagana."

Akautia ufunguo kwenye mkoba wake. "Basi huyu afungue aangalie," akamwambia bosi. "Mimi nitangoja." Akaketi juu ya kreti ya soda.

Bosi akasema nimalize hiyo moja, kisha asinione tena.

Nikaingia chini ya gari, nikamwaga oili, nikafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Bomba linalovuta oili lilikuwa halijakaa sawa, gasketi yake ya kuziba maungio imejikunja, kwa hiyo pampu ilikuwa inavuta hewa. Na aliyeifunga ni mimi, kwa mikono hii. Ningeweza kunyamaza, maana huko chini nilikuwa peke yangu. Nikatoka, nikasema mbele ya wote, "Kosa ni langu. Gasketi niliifunga vibaya."

Bosi akacheka. "Kumbe. Na ati ulikuwa unanifundisha kazi."

"Kukosea nimekosea," nikamjibu. "Lakini ningekusikiliza, tungelijua kosa baada ya injini kufa."

Mama Shiru nilimwomba radhi, na haikuniuma. Bosi sikumwomba, kwa sababu sijaona la kumwomba.

Nikaweka gasketi mpya, nikajaza oili, nikamwomba Mama Shiru ufunguo, nikapiga stata. Taa ikazimika. Nikafungua kifuniko cha juu, nikaona vyuma vinang'aa kwa oili. Hapo ndipo niliporudisha waya na kuwasha. Moshi mweupe ukatoka mwingi, wengine wakakohoa, lakini sikukanyaga resi kuingurumisha. Nikatega sikio. Paipu moja ya maji ikaanza kudondosha, nikazima mara moja, nikaikaza, nikawasha tena. Saa tisa ilipofika injini ilikuwa imetulia kabisa.

Nikamwambia Mama Shiru asiibebeshe mzigo mzito kwa sasa, na aniletee baada ya siku chache nibadilishe oili.

"Nikuletee wapi," akauliza, "na hapa hauko?"

Nikaanza kukusanya spana zangu. Akaniambia kando ya kibanda chake, karibu na posho mill ya kusaga mahindi, kuna nafasi tupu.

Ndipo nilipo sasa. Ni mabati manne na sanduku langu la spana. Sikudanganyi, kuna siku nakaa mpaka jioni bila gari hata moja. Lakini pikapu ilirudi kubadilishwa oili, na nyuma yake ikaja tuk-tuk ya jirani yake. Nikiona injini haiko tayari, haiwashwi, na hakuna wa kuniambia nitoke.

Wakikuuliza sokoni, usiinamishe uso. Waambie mume wako alifutwa kazi, na uwaambie ni kwa nini.

Nisalimie mama mkwe wangu na umkande hilo goti. Msalimie Nekesa na kaka yake. Wasalimie majirani wetu wa kisimani. Na shemeji yangu Simiyu, anayesema nipige magoti, mwambie magoti napiga kila siku, chini ya magari.

Ni mimi wako,
Baba Nekesa