Fundo la Aproni

Kamenu, Thika
9 Machi 2025

Shemeji Mutie,

Salamu nyingi. Mama yenu alikuja Jumapili iliyopita kutoka Ruiru, akaniambia, "Wavinya, sukuma yako imenawiri kukushinda." Nilicheka, mara ya kwanza tangu tumzike Nzuki wangu.

Jana nilifungua ule mfuko wa nguo zake ulioletwa pamoja na mwili kutoka kwenye meli mliyofanya kazi pamoja. Mkanda wa aproni yake ya jikoni umekatwa ubavuni kwa makasi, nadhani na waliomvua, lakini fundo la nyuma bado lipo. Unajua tangu jiwe limwangukie machimboni Juja, mkono wake wa kushoto haukuwa ukifika mgongoni. Hapa nyumbani alikuwa akinigeukia, "Mama, nifunge," nami namfunga.

Uliniandikia kwamba asubuhi ile nyote mlikuwa juu mkiwaandalia wageni, na Nzuki alikuwa peke yake jikoni tangu alipoamka mpaka alipoteleza kwenye ngazi. Nimesoma barua hiyo tena na tena. Labda mimi ndiye sielewi. Lakini kama alikuwa peke yake, ni nani alimfunga aproni? Na kama alikuwepo mtu, mbona hajasema? Kweli aliteleza?

Sikulaumu, shemeji. Ukimkumbuka mtu huyo, nikumbuke na mimi.

Wavinya, mke wa Nzuki