Mpango wa Siku Tano

Liv, uji wa oti uko jikoni. Mwaga chumvi kwenye ngazi za nje kabla hujaenda shule, iyeyushe barafu.

Baba Liv, haya ni yako. Asubuhi nimekuta umebandua kwenye friji mpango wangu wa mazoezi, ule wa kukimbia siku tano kwa wiki, ukabandika wa wanaoanza. Nikakuuliza. Ukasema, "Mama Liv, una miaka hamsini na mbili, na nje ni barafu tupu!" Nikakujibu kwamba kama goti lako limekufa, si lazima na mimi nizikwe nalo. Nilivuka mpaka. Niliona ulivyogeukia dirishani.

Nimeshindwa hata kunywa kahawa, natoka. Nakimbia maili kumi kando ya ziwa. ~~Usinifuate.~~ Njoo na gari saa nne, pale kwenye mnara wa taa.

Mpango wangu siuachi, marathoni ya Boston ni Aprili. Ila tangu uache kukimbia, sijawahi kukuuliza unajisikiaje ukiniona nafunga kamba za viatu. Njoo uniambie. Nitasimama kukusikiliza.

Mama Liv